Mtu wa Arobaini na Moja

Kishikwambi hiki kilipita nyumba kwa nyumba
kikiuliza mkuu wa kaya ni nani,
nani alilala humu usiku wa kuamkia leo,
choo cha aina gani, mbuzi wangapi.
Sensa ikaisha, nikakabidhiwa mimi.
Kioo kina ufa pembeni, mfano wa njia ya mchwa.

Mchana kinabeba azimio la kazi, hesabu za darasa la sita.
Saa nne usiku, Gungu ikishanyamaza,
mbwa wa Ntahondi akishachoka kubwekea vyura,
nakiegemeza kwenye gunia la muhogo mkavu
naanza kuwaleta watu ambao karani hakuwahesabu.

Huyu ni wa arobaini na moja.
Kidevu chembamba, ncha ya jembe lililolima miaka,
pua nukta moja tu, kama sentensi niliyoikatiza,
na macho.
Macho yamekula nusu ya uso.
Ndani yake vidirisha viwili vyeupe vya mwanga
ambavyo nimejifunza kuviweka mwisho kabisa,
maana ukiviwahisha mtu anaanza kukutazama
kabla hujampa mdomo wa kujitetea.

Nywele nimekataa kuzipaka buluu.
Nimemsuka twende kilioni, mistari tisa,
kila mstari na tabaka lake,
nikaacha ncha zipeperuke
kwa upepo ambao bado haujafika Kigoma.

Nakosea. Nagusa kioo kwa vidole viwili, kosa linatoweka.
Nagusa tena, linatoweka la kabla yake.
Jumatatu nilikosea kugawanya sehemu mbele ya darasa,
nikaugonga ubao kwa vidole viwili
nikasubiri.
Chaki haikunitii. Darasa zima likaangua kicheko
lisijue linachokicheka.

Bukuru ndiye aliyeniumbua.
Alifuata madaftari, akakuta kioo kinawaka.
"Mwalimu, huyu dada mzuri.
Sasa mbona hana mikono? Anakulaje?"
Nikasema ameiweka nyuma.
Akapitisha kidole, picha zikapita:
nyuma, mfukoni, chini ya joho, nyuma ya alizeti,
watu arobaini, mikono themanini,
yote imejificha kama wadaiwa siku ya kikoba.

Ni kweli. Mkono unanishinda.
Vidole vyangu hutoka kama ndizi zilizogombana kwenye chane,
na mara moja mimi, mwalimu wa hisabati,
nilivihesabu nikapata sita.

Jumamosi nikaenda Simbo kwa wakamua mawese.
Sikuomba picha. Nilikaa juu ya dumu tupu
nikamtazama Mama Nyamwiza akichambua chikichi.
Kidole gumba hakitoki pale nilipodhani.
Kinaanzia chini, karibu na kifundo,
kama tawi lililoamua mapema.
Na mafuta mekundu yalikuwa yameingia
kwenye mistari yote ya kiganja
yakaichora kwa niaba yangu.

"Mwalimu, umepoteza nini mikononi mwangu?"
"Kidole gumba," nikasema.
Akacheka mpaka ungo ukamponyoka,
akanipa chikichi moja ya moto nitafune, ninyamaze.

Sasa ni saa saba. Umeme umekatika tangu magharibi,
chaji asilimia nne.
Tabaka jipya. Nauvuta mstari polepole,
sigusi kwa vidole viwili.
Asilimia tatu.
Wekundu kidogo kwenye viungo, kidogo tu, kama siri.
Mbili. Hifadhi.

Mkono wa kushoto umekubali. Uko nje, wazi,
umeshika kikombe cha kupimia mawese
ambacho sikupanga kukichora.
Vidole vitano. Nahesabu tena.
Wa kulia bado uko nyuma ya mgongo.

Kioo kinazima.
Gizani nakipapasa kidole gumba changu,
pale kinapoanzia.